Mto Haukungoja Adabu

Kazi yake ilikuwa kusoma ubao. Watu wakisikia hivyo walicheka, maana ubao wenyewe haukuwa na neno hata moja. Ulikuwa bamba la chuma lililopakwa rangi nyeupe, limesimikwa kwenye ukingo wa mto, na mistari myeusi ya sentimita imepanda juu yake mpaka kimo cha watu wawili. Saa kumi na mbili asubuhi alishuka, akatazama maji yamefika mstari upi, akaandika daftarini. Saa kumi na mbili jioni akarudia. Mvua ilimkuta pale, jua lilimkuta pale, na siku ya harusi ya mdogo wake aliondoka karamuni na suti yake, akasoma, akarudi na tope hadi magotini. Majirani walimpa jina la Karani wa Mto, na wenye utani wakamuuliza kama mto wake umeshapandishwa cheo. Yeye alitabasamu akapita zake.

Mkewe ndiye aliyemzidi kila mtu kwa utani. Alimwita Ofisi. "Ofisi imefungua? Chai inapoa," alimwambia asubuhi anapomwona akipanda kutoka mtoni. Alikuwa mwanamke mwenye kicheko kinachosikika nyumba ya tatu, na alilima vitunguu kwenye tambarare la chini, pamoja na wanawake wengine saba, mahali ambapo mto ulikuwa umetandaza udongo mzuri kwa miaka mingi. Udongo ule ulikuwa mzuri kwa sababu mto hupita hapo mara kwa mara. Hilo kila mmoja alilijua, na kila mmoja alilima hivyohivyo, kwa sababu tumbo halisubiri shamba salama. Walikuwa na binti mmoja, siku hizo bado mchanga, ambaye baadaye alifika darasa la saba katika shule ya kilimani.

Aliyemlea Karani alikuwa shangazi yake, dada wa marehemu baba yake, mfinyanzi. Shangazi alichimba udongo kwenye ukingo uleule, mwendo wa robo saa juu ya ubao. Usimdhanie ni bibi wa kukaa akatoa hekima. Alikuwa na goti bovu, ulimi mkali, na chuki ya simu; alisema simu humfanya mtu aongee na asiyemwona, naye hajawahi kumwamini mtu wa namna hiyo. Mto aliujua kwa sababu ulikuwa umemwibia. Maji yakija vyungu vikiwa bado vibichi, kazi ya mwezi mzima inarudi kuwa tope, na mfinyanzi aliyepatwa na hayo mara mbili hahitaji kuambiwa afungue macho. Kaa wa mtoni wakiziba matundu yao ya chini kwa tope na kuchimba mengine juu, alihamisha vyungu. Maji yanayochuruzika kwenye shimo lake la udongo yakigeuka rangi ya kutu, alihamisha vyungu. Mama yake alimfundisha hayo, naye alifundishwa na mama yake, na kila mmoja wao alikuwa amepoteza vyungu kwanza.

Daftari la Karani lilikuwa na safu ya mwisho iliyoitwa Maelezo. Humo akawa anaandika, kwa herufi ndogo: *Kaa wameziba. Shimo limetoa kutu.* Ofisi ya maji, iliyokuwa mjini, ilimrudishia daftari siku moja na maneno ya wino mwekundu: *Andika yanayohusika.* Alikuwa mtu wa kutii. Aliacha kwa mwezi mmoja, kisha mkono ukamrudia, akaendelea kwa herufi ndogo zaidi.

Basi akaja Daktari. Siku ya kwanza tu mama mmoja alimletea mtoto mwenye jipu, ikambidi aeleze kwamba yeye amesomea mito na mvua, na sindano hajawahi kushika isipokuwa ya kushonea vifungo. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka thelathini na kitu, aliyehamishiwa ofisi ile ya mjini, na kwa kukosa la kufanya wiki ya kwanza akasoma madaftari ya zamani. Aliona kwamba kila palipoandikwa *kaa wameziba*, mara nyingi maji yalipanda ndani ya siku mbili. Si kila mara, lakini mara nyingi kuliko mashine yake ilivyoweza kutabiri. Akapanda gari akaja kuuliza, jambo ambalo tangu ofisi ile ijengwe hakuna aliyelifanya.

"Shikamoo, Shangazi," alisema, kwa sababu alimsikia Karani akimwita hivyo.

"Marahaba. Umekuja kununua chungu?"

"Nimekuja kujifunza."

"Wanaokuja kujifunza ni wengi. Wakikaa kidogo wananifundisha mimi. Haya, shika udongo huo ukande."

Daktari alivua saa, akakunja mikono ya shati, akakanda. Alikanda tangu asubuhi mpaka alasiri, na udongo wake ukabaki na vijiwe, na Shangazi akaurudisha mara nne bila huruma. Hakuuliza swali hata moja. Jua lilipoanza kuinama ndipo Shangazi alipomsogezea maji ya kunawa akasema, "Na wewe mwenzangu, mto huu unausomaje?" Daktari akaokota kijiti, akachora kwenye tope vilima vya mbali, mvua inyeshapo, na maji yanavyotembea siku moja na nusu mpaka kufika hapa. Shangazi alitazama kwa makini, akamsahihisha kona moja. Karani alisimama pembeni na daftari lake kwapani, moyo umemjaa, maana alikuwa amewapenda wote wawili siku moja.

Lilifunguliwa daftari jipya, lenye safu mbili: ya Shangazi na ya ubao. Shangazi aliweka masharti. Lolote litakaloandikwa kutokana na maneno yake liwe na jina lake, lisichukuliwe kabla hajaulizwa, na akikosea, kosa liandikwe vilevile. "Sitaki kuwa nabii," alisema. "Manabii huwa hawaulizwi mara ya pili." Daktari akakubali, akaongeza kwamba na makosa ya mashine zake yaandikwe. Mwenye kuandika yote, na mwenye kubeba maneno kutoka shimoni hadi kwenye simu, alikuwa Karani.

Ilikwenda hivyo miaka saba. Mara tano tambarare lilihamwa kwa wakati, na mara zote tano mto ulipita juu ya vitunguu na haukumkuta mtu. Lakini mwaka wa nne kaa waliziba, watu wakapanda kilimani na magodoro vichwani, wakakaa huko siku tatu, na maji hayakuja. Watoto wakawa wanatembea kiubavuubavu nyuma ya Shangazi. Alicheka nao, lakini usiku ule hakula. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Daktari: mashine aliyoifunga juu mtoni ilitoa hadhari siku mbili mfululizo, watu wakahama tena, kumbe nyigu walikuwa wamejenga ndani yake. Hapo watu walicheka mpaka wakakaa chini.

Tangu hapo kila mmoja akaanza kumstahi mwenzake zaidi. Shangazi, kabla ya kusema lolote kuhusu kaa wake, aliuliza kwanza, "Ubao unasemaje?" Daktari, kabla ya kutoa namba zake kwenye simu, aliuliza, "Shangazi anaonaje?" Ilipendeza kuwasikiliza. Daktari alimwalika Shangazi mjini, kwenye mkutano wa wasomi, akawaomba watu wasimame anapoingia, na wakasimama. Wote walisema hivi ndivyo inavyotakiwa kuwa, na walisema kweli. Ila hakuna aliyeona kwamba wawili wale sasa kila mmoja alitaka kusema wa pili. Wahenga walituambia mafahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Hawakutuambia kwamba hata wakiamkiana, nyasi ziko chini ya kwato zilezile.

Ilikuwa wiki ya tatu ya mvua. Asubuhi ubao ulisoma mita mbili na sentimita arubaini, Karani akaandika, akaenda kunywa chai. Lakini hakutulia. Saa tatu alishuka tena, mvua ikimpiga mgongoni, akakuta maji yamefika mbili na kumi na tisa. Yalikuwa yameshuka. Mvua haikuwa imekatika hata dakika moja, na mto umeshuka.

Alijua maana yake. Mwaka wake wa tatu kazini, kabla ya Daktari na kabla ya safu mbili, aliwahi kuuona mto ukishuka kwenye mvua namna ile. Magogo yalikuwa yamekwama juu, kwenye korongo, yameziba, na maji yakawa yanajikusanya nyuma yake. Yalipoachia, ubao uling'oka na kwenda. Ilikuwa Jumapili, tambarare lilikuwa tupu, hivyo daftarini aliandika tu *ubao umechukuliwa*, na ofisi ikaleta mwingine bila kuuliza umechukuliwaje. Sasa aliona jambo lilelile likirudi.

Akaenda kwa Shangazi. Alimkuta ameinama ukingoni, amejifunika gunia, anatazama matundu.

"Wameziba tangu jana," Shangazi alisema. "Yote. Na shimo limetoa kutu. Ubao unasemaje?"

"Umeshuka. Sentimita ishirini na moja."

Shangazi alijisugua goti. "Kama umeshuka, basi huenda hawa kaa wangu wamezeeka kama mimi. Nilishawapandisha watu mlimani bure mara moja, sitaki tena. Muulize Daktari. Atakachosema yeye ndicho."

Neno lilimfika Karani kooni. Lakini katika jambo hili hakuwahi kuwa na neno lake mwenyewe. Kulikuwa na safu mbili, yeye akazijaza zote mbili kwa mwandiko wake mzuri, na miaka saba hakuna aliyemuuliza, naye hakuona ubaya wowote. Mjumbe hauawi, na kuna raha yake katika kuwa mjumbe. Akasema, "Haya, Shangazi," akageuka akakimbia.

Simu ilishika kwenye mlima wa shule tu. Alipofika juu ilikuwa saa tano, na pumzi imemwishia.

"Umeshuka?" Daktari alisema. "Kwenye mvua hii? Mashine ya juu imezima tangu juzi, sina ninachokiona. Sipendi. Shangazi anaonaje?"

"Anasema kaa wameziba na shimo limetoa kutu. Lakini anasema uamue wewe."

"Siwezi kumruka Shangazi," Daktari alisema. "Yeye yuko pale, mimi niko kilomita mia. Mwambie aseme yeye. Akisema wahame, nitasimama naye mbele ya yeyote. Mpelekee hayo upesi, halafu unipigie."

Alikuwa na nafasi ya kusema wakati ule. Daktari angemsikiliza, hakuwa mtu wa dharau. Akasema, "Sawa, Daktari," akaanza kuteremka.

Njia ya kutoka shuleni hadi shimoni inapita kwenye tambarare. Wanawake wanane walikuwa wameinama kwenye mvua waking'oa vitunguu kabla havijaoza, na mkewe alikuwa mstari wa chini kabisa, karibu na maji, kwa sababu huko ndiko vilikokuwa vinene. Alimwona, akanyoosha mgongo.

"Ofisi, mbona mbio hivyo? Kuna nini?"

"Nawapelekea maneno Shangazi na Daktari. Mto umeshuka, lakini kaa wameziba. Bado hawajaamua."

Mkewe alitua kikapu. Alijifuta maji usoni kwa mkono wenye udongo, ukabaki mstari shavuni. "Hao sijawauliza," alisema. "Wewe unaonaje?"

Alifungua mdomo. Akilini aliwaona watu kilimani na magodoro, aliona watoto wakitembea kiubavu, safari hii nyuma yake yeye, na akaona aibu ya kumtangulia Shangazi aliyemlea na Daktari aliyesimamisha ukumbi mzima. Tangu utotoni aliambiwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Siku hiyo alikuwa na wakuu wawili wa kuwasikia.

"Ngoja kwanza wakubwa waseme," alimwambia. "Narudi sasa hivi."

"Haya," mkewe alisema. "Basi nimalizie mistari hii miwili." Akainama, na wengine walipomwona ameinama, nao wakainama.

Shangazi aliposikia jibu la Daktari alitikisa kichwa. "Huyu mtoto ana adabu mpaka inadhuru," alisema. Alitazama matundu, akatazama vilima ambavyo mvua ilikuwa imevifunika, kisha akasimama kwa taabu. "Nenda kawaambie watoke. Wote. Tukichekwa, tuchekwe."

Alikuwa katikati ya njia aliposikia. Ulikuwa mlio kama wa malori mengi kwenye barabara mbovu, na ardhi ilitetemeka kidogo chini ya nyayo zake. Alimwita mkewe kwa jina lake, jina alilopewa na wazazi wake, ambalo yeye Karani alilitumia mara chache sana. Wanawake sita waliokuwa mistari ya juu walitupa vikapu wakakimbia kupanda. Wa saba alikamatwa na mti, akavutwa baadaye na mkono umevunjika. Mkewe alinyanyua kichwa upande sauti ya mumewe ilikotoka, na hakuwa na pa kukimbilia. Karani aliyaona yote hayo akiwa juu, hatua mia mbili hivi, na alipofika mahali pa tambarare hapakuwa na tambarare tena.

Walimpata siku ya tatu. Sitasema walimpata wapi wala vipi, kwa sababu mumewe hajawahi kumwambia mtu.

Daktari alifika msibani siku ya nne. Aliingia akiwa amevimba macho, akapiga magoti mbele ya Karani, kisha akaenda kuketi mkekani pamoja na Shangazi. Watu wengi walikuwa wameshaondoka. Karani alikuwa jikoni akichemsha chai, kwa sababu walimwambia apumzike na kupumzika kulimshinda. Kupitia mlango uliokuwa wazi aliwasikia.

"Nisamehe, Shangazi. Kosa ni langu. Mto hushukaje mvua ikinyesha? Nilisomeshwa kwa ajili ya swali kama hilo. Nilipaswa kusema."

"Hapana, mwanangu. Langu. Kaa walikuwa mbele ya macho yangu, nikawaonea haya."

"Wewe ulikuwa unangoja namba."

"Na wewe ulikuwa unaningoja mimi. Niachie, mimi ni mzee, mgongo wangu umezoea mizigo."

"Siwezi kukuachia, Shangazi."

Hata lawama walipokezana kwa mikono miwili. Karani aliwasikiliza na birika mkononi, na hasira ikampanda, hasira ambayo hakuwahi kuwa nayo juu ya watu wale, na kabla haijafika kwao ikageuka ikamrudia mwenyewe. Akatoka, akatua birika sakafuni.

"Hakuwauliza nyinyi," alisema.

Wakamtazama.

"Aliniuliza mimi. Alikuwa na kikapu cha vitunguu, akakitua, akaniuliza mimi naonaje. Nikamwambia angoje wakubwa waseme."

Mvua ilikuwa imekatika siku mbili zilizopita. Shangazi alimtazama mtoto huyu wa kaka yake aliyemlea tangu hajui kufunga viatu, na uso wake ukabadilika polepole, kama mtu anayehesabu jambo na hataki lifike jumla. Ndipo alipomuuliza swali ambalo hakuwahi kumuuliza.

"Na wewe ulikuwa unaonaje?"

"Niliona mto unakuja," Karani alisema. "Niliwahi kuuona ukishuka hivyo zamani, ukaja ukang'oa ubao. Na wewe ukaniambia kaa wameziba. Hapo sikuwa na shaka tena. Nilijua kabla sijapanda kumpigia simu Daktari."

Daktari alijiziba mdomo kwa kiganja. Shangazi alivuta kitambaa chake cha kichwani akajifunika uso, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Nyuma ya Karani vikombe vililia. Binti yake alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na sinia, amevaa sare ya shule kwa sababu ndiyo nguo yake pekee iliyokuwa safi, na alikuwa amesikia.

"Baba," alisema. "Ulijua?"

Aligeuka.

"Sasa kwa nini hukumwambia Mama?"

Karani alitafuta jibu. Alitazama sakafu, akamtazama Shangazi ambaye bado alikuwa amejifunika, akamtazama Daktari, na hakuna aliyemsaidia. Chai ilikuwa inapoa ndani ya birika. Mtoto hakulia wala hakurudia swali. Alisimama palepale na sinia lake, ameshika kwa mikono yote miwili, akingoja, kwa kuwa walimlea vizuri na walimfundisha kungoja mkubwa aseme.